Jina Chini ya Ukurasa

Fadhiya binti Zein alikuwa haambiliki. Watu wa Mji wa Kale wa Mombasa walimjua hivyo tangu angali mtoto wa chuo cha Kurani, alipombishia mwalimu kwa bakora iliyomwangukia asiyekosa, na waliendelea kumjua hivyo alipokuwa mwanamke mzima wa kuvaa buibui na kutundika begi la diski begani, akienda Makadara kwenye ofisi ya kompyuta iliyokuwa ghorofani, juu ya duka la viatu. Walisema ulimi wake una miiba. Ulikuwa nayo kweli, lakini mwiba haumchomi anayejikalia mbali, na jamaa zake hawakujua kukaa mbali.

Mwaka huo wa tisini na tisa mji ulikuwa umeshikwa na homa ya mtandao. Kila mwenye mtoto Uarabuni, Uingereza au Kanada alitaka amwandikie barua ifike kabla hajainuka kitini. Jumuiya ya Watu wa Mji wa Kale nayo ikaona isiachwe nyuma. Mwenyekiti wake, Abdulghafur, muuza vitambaa wa Bondeni, akatangaza kuwa Jumuiya itafungua tovuti moja kubwa ya kuingilia watu wote: humo utapata habari za misiba na harusi, nyakati za swala, tarehe za mwezi wa Kiislamu, madaktari na nyumba za kupanga. Akaiita Lango la Mji. Jina lilikuwa zuri. Kilichobaki ni kujua nani atalijenga lango hilo, na kwa mbao gani.

Abdulghafur alikuwa ami yake Fadhiya. Zein alipofariki, nduguye huyo ndiye aliyemlea bintiye na kumsomesha, na fadhila hiyo haikusahaulika kwa sababu mwenyewe hakuiacha isahaulike. Basi alipomwambia binti huyo wa nduguye, "Nitafutie chombo cha kujengea, wewe ndiye mjuzi wetu," Fadhiya aliitikia kwa moyo mkunjufu. Aliona ndiyo siku ya kulipa fadhila, tena kwa kazi ya mikono yake mwenyewe.

Kuchagua hakukuwa rahisi. Kulikuwa na programu za kununua zilizokwisha kuundwa, za kupendeza, zinazokuja ndani ya sanduku na kufuli lake: unaruhusiwa kuzitumia, huruhusiwi kuzifungua ukaona tumbo lake. Kulikuwa na Perl, lugha ya kuandikia programu iliyotumiwa na karibu kila fundi wa tovuti wakati ule. Fadhiya aliijua, ila alichokiandika kwayo Jumatatu, ikifika Alhamisi alikuwa hakielewi tena, naye hakupenda kugombana na maandishi yake mwenyewe. Halafu kulikuwa na Ruby, lugha mpya.

Ruby ililetwa ofisini na Kazungu, fundi wa mitambo aliyezaliwa Kaloleni, ambaye yeye na Fadhiya waliiendesha ile ofisi kwa shirika. Mhandisi wa meli ya Kijapani alikuja kutengenezewa kompyuta yake, na alipoondoka akaacha CD yenye lugha hiyo kama shukrani. Maelezo mengi yalikuwa ya Kijapani, yaani sawa na hakuna. Fadhiya akawaandikia wenyewe huko Japani kwa barua pepe, kwa Kiingereza cha kuokoteza, nao wakamjibu kwa Kiingereza cha kuokoteza vilevile, wakaelewana vizuri kabisa. Alipoandika mistari yake ya kwanza na kuisoma tena siku ya pili, aliielewa. Akacheka peke yake mpaka Kazungu akauliza kama yu mzima.

"Hii hakuna mtu aliyeitengenezea fremu ya tovuti bado," Kazungu alimtahadharisha. "Perl ina kila kitu. Hapa utachonga mwenyewe, kuanzia mlango mpaka bawaba."

"Basi nitachonga," alisema Fadhiya. "Mlango wa kuchongewa na mtu asiyekujua, hukupiga kichwani kulla ukipita."

Na alichonga kwa kuwatazama watu wake. Mji wa Kale habari haiendi bila mwenyewe. Ukienda kumwambia mtu kuwa fulani amefariki, hata hajasema inna lillahi atakuuliza, "Umeambiwa na nani?" Usipoweza kumtaja, maneno yako ni upepo. Fadhiya akaifanya programu yake iwe hivyohivyo: habari haipandi ukurasani mpaka aliyeileta aandike jina lake kamili na kuithibitisha kwa mkono wake. Na tarehe ya mwezi wa Kiislamu haikuhesabiwa ikajiendea yenyewe. Mwezi ukifika ishirini na tisa, tarehe husimama ikangoja mtu aje aseme kama mwezi mpya umeonekana au la. Jina la tovuti yake ya majaribio lilikuwa Barazani. Chini ya kila ukurasa, kwa herufi ndogo, aliandika: Kazi ya Fadhiya binti Zein.

Kikao cha kuamua kilifanyika nyumbani kwa Abdulghafur, kwenye sebule yenye viti vya kuchongwa na kahawa chungu. Wazee wa Jumuiya walikuwako, na Riyadh pia. Huyu Riyadh alikuwa mtoto wa Abdulghafur, aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo na suti ambayo joto la Mombasa halikuwa limeisamehe. Alileta programu ya kununua kutoka kwa wakala wa Nairobi. Aliifungua, na picha za mji zikapita ukurasani zikipishana, rangi zikameremeta, wazee wakasogeza miwani. Ikilinganishwa na hiyo, Barazani ya Fadhiya ilionekana kama ukuta usiopakwa chokaa. Hilo Fadhiya aliliona mwenyewe, na lilimuuma.

"Hini yangu si nzuri ya sura," alisema. "Lakini ukitaka kubadilisha kitu, nitakibadilisha leo leo. Hiyo ya Riyadh, ukitaka kuhamisha nukta, mpaka umpigie simu mwenye funguo. Na tarehe yake yajihesabu yenyewe. Mwezi usipoonekana, nani atakayeiambia?"

Riyadh alitabasamu. "Dada Fadhiya, hizo ni hesabu za nyota. Hesabu haidanganyi. Hata kuingia siku nimewaambia wapange kwa magharibi, si kwa saa sita ya usiku kama Wazungu. Na salamu za Ramadhani nimeshawapa, zimo ndani, zitatoka zenyewe siku ikifika."

"Zitatoka zenyewe," Fadhiya alirudia. "Ndilo linitishalo hilo."

Wazee walinong'onezana. Mmoja aliuliza hiyo Ruby ni kitu gani, na alipoambiwa ni lugha iliyoundwa na Mjapani, alisema magari yao ni mazuri lakini hajui zaidi ya hapo. Watu wakacheka. Abdulghafur hakucheka. Alikuwa ameinamia skrini, akisoma chini ya ukurasa.

"Na hili jina?"

"Langu, ami."

"Naliona kuwa ni lako. Lafanya nini hapa, ulimwengu mzima utazame? Mwanangu, sisi hata kadi ya harusi haiandikwi jina la bibi harusi. Huandikwa binti wa fulani, ikatosha."

"Kadi ni ya babake, ndiye anayealika," alisema Fadhiya. "Kazi hini sikualikwa. Nimeifanya."

Abdulghafur alijinyoosha, akatoa uamuzi kwa sauti ya upole, ile sauti yake ya kumwambia mteja kuwa kitambaa kimekwisha. Jumuiya itachukua programu ya Riyadh. Fadhiya atapewa kazi ya kuchapa habari, ni kazi ya kukaa, ya heshima, inamfaa. Hizo fikra zake nzuri za Barazani Riyadh atazitazama, achukue zitakazofaa. Na jina litoke.

Fadhiya alifikiria miezi yote aliyokaa na lugha ile, barua alizoandika mpaka Japani, na sasa alikuwa akiambiwa akae achape, fikra zake zikiliwa na mwingine kwa jina la mwingine. Kama angekubali siku ile, angekubali maisha yake yote. Akafunga begi lake la diski.

"Sitachapa," alisema. "Na jina halitoki."

"Fadhiya. Mimi nimekusomesha."

"Na mimi nimesoma, ami. Kama ulitaka nisijue, ungeniacha nyumbani."

"Ukitoka mlango huo na kiburi hicho, usinisalimie ndiani."

"Nitakusalimia. Kuitika ni shauri yako."

Akatoka. Na alitimiza neno lake, maana alikuwa haambiliki lakini hakuwa mtovu wa adabu. Kila asubuhi alipompitia ami yake mbele ya duka lake Bondeni alisimama na kusema, "Shikamoo, ami," kwa sauti ya kusikika na kila mwenye duka. Abdulghafur aligeukia vitambaa vyake akavikunja upya. Wauza maduka wakaanza kuungoja mchezo huo kama watu wanavyongoja mpira. Nyumbani, mamake Abdulghafur, Bi Mwanakhamis, bibi aliyeishi na Fadhiya, alisema wote wawili ni kichwa kimoja kilichopasuliwa vipande viwili.

Kwa muda wa wiki kadhaa Lango la Mji lilitamba. Wana wa mji walioko ng'ambo waliliingia kwa mamia, wakaandika wamelia walipoona picha za vichochoro vya kwao. Barazani nayo ilikaa kwenye mashine ya ofisi ya Makadara na wageni wake wachache: jamaa wa Kazungu walioko Nairobi, wasichana waliosoma na Fadhiya, na mzee mmoja wa Maskati aliyekuja kila siku kuuliza nani amekufa. Tusidanganyane, Fadhiya aliumia. Siku moja aliinamia meza akalia, na Kazungu akajifanya anatafuta waya chini ya kabati mpaka alipomaliza.

"Tuifunge?" Kazungu aliuliza akiwa hukohuko chini.

"Funga mdomo," alisema Fadhiya, akapangusa uso kwa ncha ya mtandio na kuendelea kuandika.

Ndipo Shaaban, mwezi unaoitangulia Ramadhani, ukafika ishirini na tisa. Jioni hiyo watu walisimama kwenye ukuta wa baharini na juu ya mapaa wakitazama magharibi, lakini mawingu yalikuwa yamejitandika kule kama godoro. Jua lilizama bila kuaga. Adhana ya magharibi ikaadhiniwa, watu wakaswali, wakatoka, wakatazama tena. Hakukuwa na kitu.

Fadhiya alikuwa ofisini ameshaswali. Barazani ilionyesha alichokitegemea: Shaaban ishirini na tisa. Mwezi unatafutwa. Habari bado haijaletwa. Kazungu alikuwa kwenye kompyuta ya pili, na Fadhiya akamwona akivuta kiti mbele.

"Njoo uone Lango."

Lango lilikuwa limejaa fanusi za dhahabu zinazometameta. Juu yake, kwa herufi kubwa: Ramadhani mosi. Mwezi umeandama. Jumuiya inawatakia mfungo mwema. Na chini ya maneno hayo: Abdulghafur, Mwenyekiti.

Kusema mwezi umeandama si salamu. Ni ushahidi. Anayesema hivyo anasema kuna jicho limeuona, na watu watakula daku kwa neno lake. Lile lango lilikuwa limemtolea ami yake ushahidi wa uongo mbele ya dunia nzima, likamtilia na jina. Fadhiya hakufurahi kama alivyodhani angefurahi, angalau si mara moja.

Simu ikaanza kulia. Binamu yao kutoka Manchester alitaka kujua mwezi umeonekana wapi. Mwingine wa Dubai aliuliza kama ni kweli, maana mkewe ameshaanza kukanda unga. Yule mzee wa Maskati, ambaye hakuwahi kupiga simu hata siku moja, alipiga kusema kuwa yeye Lango halijui, anaijua Barazani, na Barazani inasema tungoje, basi yeye anangoja. Fadhiya aliwajibu wote jibu moja: hajaja mtu.

Kumbe huko Bondeni moto ulikuwa mkubwa zaidi. Bi Mwanakhamis alikuwa ameipata habari kwa mjukuu wa Manchester, akampigia mwanawe dukani, na wauza maduka jirani waliisikia sauti yake ikitoka kwenye simu bila kuisogelea. "Abdulghafur, mato ya kuonea mwezi umeyapata wapi? Mwezi umeuona na dari limekufinika? Babako alikuwa akipanda paani na mguu wake mbovu, wewe wauona kwa mashine?"

Kabla ya isha ngazi za ofisi ya Makadara zililia kwa miguu mizito. Abdulghafur aliingia na kanzu imelowa jasho mgongoni, na nyuma yake Riyadh, safari hii bila koti.

"Shikamoo, ami," alisema Fadhiya.

"Marahaba," alisema Abdulghafur.

Kazungu akamsogezea kiti, akasema, "Karibu, mzee," kisha akaenda kusimama dirishani. Riyadh ndiye aliyeeleza, akiwa ameinamisha macho. Alikuwa amejaribu kuyaondoa yale maneno akashindwa, yako ndani ya kufuli. Amempigia wakala Nairobi, simu inalia, ofisi imefungwa, haifunguliwi mpaka asubuhi. Hata kulizima Lango zima hawezi, maana halikai kwenye mashine yao.

"Nalisema hesabu haidanganyi," alimalizia kwa sauti ndogo.

"Hesabu haikudanganya," alisema Fadhiya. "Hesabu haikusema imeuona. Wewe ndiye uliyeisemea." Kisha akamhurumia kidogo, akamwambia aketi.

Abdulghafur alipangusa paji la uso. "Natoka msikitini. Hakuna aliyekuja na ushahidi. Tumekubaliana kukamilisha siku thelathini, na pwani yote wasema hivyohivyo. Lakini watu waniuliza mimi, Fadhiya. Wanipigia mimi. Nambiwa wasomao hino yako ni wengi usiku huu."

Kazungu alitazama skrini. "Wanaingia mpaka mashine inahema, mzee."

"Basi waandikie. Sema Lango limekosea."

"Siandiki habari ya mtu," alisema Fadhiya. "Barazani kulla mwenye habari huiandika mwenyewe, na jina lake kamili. Ndivyo nilivyoijenga. Nalikuonyesha sebuleni kwako."

"Andika Jumuiya."

"Jumuiya haina mato, ami. Wewe unayo."

Abdulghafur alimtazama binti wa nduguye kwa muda mrefu, na Fadhiya hakuinamisha uso. Huyu ndiye mtu aliyemshika mkono siku ya maziko ya babake, na alimpenda, na hakuwa tayari kumwachia hata inchi moja.

"Sikiza," alisema mzee, akiwa ameteremsha sauti. "Nimekosa kuchagua, nakubali. Lango tutalivunja. Hini yako ndiyo itakayokuwa ya Jumuiya, na wewe utakuwa juu ya kazi yote, Riyadh akusaidie. Kitu kimoya tu. Lile jina. Wazee watanisumbua."

"Wakusumbue."

"Fadhiya."

"Usiku huu jina lako limetangaza uongo ulimwengu mzima, na hakuna aliyelikataza kwa kuwa ni la mwanamume. Langu limesimama chini ya ukweli tangu siku ya kwanza. Ukitaka Barazani, njooni Barazani kama ilivyo. Ukitaka leo useme neno lako ukaondoka, sema, hukatazwi, baraza ni ya kulla mtu. Lakini jina halitoki."

Nje mwadhini alikuwa akijaribu kipaza sauti kwa kukigonga. Simu ililia tena na hakuna aliyeinuka kuipokea. Abdulghafur akavuta kiti mpaka kwenye meza, akavaa miwani yake. Aliandika kwa kidole kimoja, akizitafuta herufi kama mtu anayechagua mchele: Mwezi haukuonekana. Tunakamilisha thelathini. Maneno ya Lango la Mji si kweli na hayakutoka kwangu. Kisha akaandika jina lake, la babake na la babu yake, yote.

"Haya," alisema. "Mbona haliendi?"

"Hujathibitisha, ami. Kuna kitufe."

"Sikioni."

"Shuka chini."

Alishuka kidogo. "Hapa hakuna."

"Shuka tena," alisema Fadhiya, akiwa amefunga mikono kifuani. "Shuka mpaka ulikute jina langu. Kitufe kiko chini yake."

Abdulghafur alishuka. Akalikuta, akalisoma, midomo ikisogea bila sauti. Kisha akabonyeza.